Bafle Tulizonunua Bila Kuzisikia

Feza alifika Kindu siku ya tano ya matanga ya mama yake, saa nane mchana, akashuka kwenye pikipiki na mfuko mmoja tu. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele wa wageni. Nilimtazama mara moja nikajua ni nani, maana lile paji la uso na ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto pembeni ni Sakina mtupu. Wanawake waliokuwa jikoni walitoka wakaanza kulia upya, wengine bila hata kujua wanalia kwa sababu gani. Yeye hakulia. Alisimama katikati ya ua, akauliza kwa upole, "Nani kati yenu njo Mwajuma?" Nikasema ni mimi. Akaninyooshea simu yake kana kwamba nilikuwa nimemdai ushahidi. "Mama mudogo, nilisikia tangazo la kifo humu. Muntu alilituma kwenye kikundi cha watu wa Maniema tunaokaa Bukavu. Wanasema Sakina, kiongozi wa kasida wa Kasuku, amefariki juzi. Juzi! Miye mama yangu nilimulilia nikiwa na miaka sita. Nani alinidanganya?"

Msomaji na anielewe vizuri. Mtoto huyu, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, alijua kwamba mama yake alikuwa hai miaka yote hii siku ileile aliyosikia kwamba amekufa. Na sisi huku, Sakina na mimi, tulimtafuta mpaka tukachoka. Nilimkalisha kwenye mkeka, nikamletea maji, nikamwambia apumzike kwanza, tutaongea jioni. Uongo mtupu. Si yeye aliyehitaji kupumzika. Mimi ni mwanamke wa maneno mengi, watu wa mtaa wote wanalijua hilo, lakini mchana ule nilirudi kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilikuwa na hofu ya mwaka mmoja tu katika maisha yangu, na huo mwaka ulikuwa umekuja kukaa kwenye mkeka wangu.

Mwaka ule wa vita nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cherehani yangu, na ninakaa na Sakina, mwenzangu wa kasida, katika chumba kimoja karibu na mto, upande wa mji uitwao Kasuku. Mume wake alikuwa amekwenda Kisangani kabla ya vita akapotelea huko. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha la mbao lililoelekea mtoni, na ukuta wa matete uliotutenga na nyumba waliyokaa askari. Treni ilikuwa imekufa. Mchele wa Kibombo haukuja tena. Wapiganaji wa msituni walikuwa wameuzunguka mji, na askari walioushika mji walituzunguka sisi. Komanda wao alikataza kelele. Redio ya sauti kubwa, hapana. Ngoma, hapana. Hata kutwanga sombe, majani yetu ya muhogo, baada ya saa sita mchana alikataza, akisema anataka kuusikia msitu. Basi wanawake tulitwanga asubuhi mbio mbio, majani hayajalainika vizuri, tukapika bila chumvi wala mawese, tukala na bukari, yaani ugali, huku tunatazamana. Ah, chakula kile! Hata leo nikila sombe iliyotwangwa vibaya natema, na wajukuu wananicheka kwamba bibi anajifanya mtu wa mjini.

Watu husema vita ni kelele. Mimi naukumbuka mji ulionyamaza. Unakaa chumbani mchana, unasikia mwenzako anameza mate. Nyuma ya ukuta unasikia askari wanaongea lugha yao, halafu mara wanachanganya Kiswahili, na hapo unatega sikio. Siku moja mmoja wao alikuwa anacheka na mwenzake. "Ng'ambo kule wanasema Kasuku iliungua yote. Wanasema watu wa huku wamekwisha." Mwenzake akajibu, "Waache waseme." Sakina alikuwa anashona kifungo. Alikaa na sindano mkononi mpaka nikamnyang'anya nisije nikaona damu.

Maana ng'ambo kule, Alunguli, ndiko alikokuwa Feza. Siku mbili tu kabla ya kivuko kufungwa, Sakina alikuwa amempeleka kwa bibi yake, Bibi Amisa, akale mchele mpya na kulala usiku mmoja au miwili. Usiku mmoja au miwili ikawa miezi tisa, na kivuko bado kimefungwa. Mtumbwi hauvuki, na ukisimama ufukoni kutazama tu unapigwa risasi. Mto wenyewe unauona, miti ya ng'ambo unaiona, moshi wa majiko yao unauona, na mtoto wako yuko chini ya moshi ule. Sakina hakuwa anaogopa kwamba Feza amekufa. Aliogopa kwamba Feza anaambiwa mama yake ameungua. "Mutoto akishalia mama yake," alikuwa ananiambia, "anamufunga moyoni. Hata ukirudi hakujui tena." Na jambo la pili, lililomkosesha usingizi zaidi: Bibi Amisa alikuwa na dada yake aliyekaa Kalima, huko kwenye machimbo. Akiamini Sakina hayupo, atangoja nini Alunguli? Atamchukua mtoto na kwenda zake.

Hapa lazima niseme habari ya kasida yetu. Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake kumi na moja, kikiimba kwenye Maulidi na harusi za Kasuku na za Alunguli pia, na Sakina ndiye aliyekuwa kiongozi. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya juu, inapanda mpaka unajiuliza ataishukia wapi. Mimi nilikuwa wa pili, sauti yangu nzito, wenzangu wakiniita Baba Mwajuma na kucheka. Na katika vikundi vya kwetu kiongozi habadilishwi. Akiumwa, dufu zinapigwa na wengine wanaitikia, nafasi yake inaachwa wazi. Wa pili anashika uongozi siku kiongozi akishazikwa, basi. Ilikuwa hivyo kwa mama zetu, na kila mtu wa kingo zote mbili za mto aliijua desturi hiyo.

Mwezi wa Maulidi ulipokaribia, Sakina alikuwa ameshakata shauri la kumtuma Yuma, mvuvi mmoja aliyekuwa akivuka kwa kujificha alfajiri. Ujumbe angeubeba kichwani, maana karatasi ingemuua. Wenzake wawili walikuwa wameshapigwa risasi majini. Sakina alimwandalia kitenge chake cha harusi kama malipo. Halafu maalimu wa msikiti akaja na habari ya ajabu: komanda ameruhusu Maulidi isomwe kwa sauti, asubuhi mpaka adhuhuri, siku moja. Msikiti ulikuwa na mashine ya kukuzia sauti na maikrofoni, lakini spika zake za paa askari walikuwa wamezichukua. Sakina alinishika mikono yote miwili. "Tukipata bafle kubwa, tukizielekeza mtoni, Feza atanisikia. Atanisikia miye mwenyewe! Yuma atampelekea maneno, lakini maneno hata mufu anaweza kuyaacha."

Bafle, ndivyo tunavyoziita zile spika kubwa za sanduku. Zilikuwepo mbili kwa Bwana Salumu, mwenye baa iliyofungwa karibu na stesheni. Alikuwa anauza kila kitu, amepata nafasi kwenye ndege ya mizigo na anataka kutoka. Zilikuwa nyeusi, zinanifika kiunoni, kila moja na midomo mitatu: mkubwa chini, wa kati, na mdogo juu. Nikamwambia tunataka kuzisikia kwanza. Bwana Salumu akacheka bila furaha. "Dada yangu, uzisikie na nini? Mafuta hakuna, na komanda akisikia hata wimbo moja anatufunga sisi wote. Huu mwaka mzima bafle zinauzwa hivi." Akatoa betri ya tochi na vipande viwili vya waya, akagusisha nyuma ya sanduku. Mdomo mkubwa ukaruka: tuk! Akagusa la pili: tuk! "Umeona? Iko muzima."

Nami nikaona. Wallahi, niliuona ule mdomo mkubwa unaruka nikafurahi kama mjinga. Niliigusa ile midomo mingine kwa kidole, ngozi zake hazikutoboka, nikajiona fundi. Sakina aliniuliza, "Unaonaje, Mwajuma? Weye njo unajua vyombo." Sikujua chombo chochote zaidi ya cherehani. Nikasema, "Chukua, nzima hizi." Tulibadilishana kwa cherehani yangu. Niliibeba mwenyewe mpaka kwa Bwana Salumu, na wala sikuionea uchungu.

Siku ya Maulidi uliwashwa mtambo wa umeme wa kinu cha mchele kwa mafuta aliyotoa komanda mwenyewe. Bafle tuliziweka juu ya meza nyuma ya nyumba yetu, nyuso zimeelekea mtoni. Sisi tulikaa nyuma yake, kwenye mkeka. Baada ya mwaka wa kunong'ona, dufu zilipopigwa ardhi ilitetemeka, na Mama Tabu, mkubwa wetu, akajikojolea kidogo kwa hofu kisha akacheka mpaka akatuchekesha wote. Sakina alivaa kile kitenge cha harusi. Alipopokea maikrofoni alifumba macho, na pale mkekani, karibu naye, sauti yake tuliisikia vizuri kabisa, inatoka kinywani mwake. Nani angejua?

Beti ya tatu nilichukua ndoo. Asubuhi wanawake waliruhusiwa kuteka maji, na nilitaka nimletee Sakina habari njema kwamba inafika. Nikashuka mpaka mtoni, nikainama, nikasikiliza. Dufu zilikuja, nzito, zinapita juu ya maji. Waitikiaji walikuja, zile sauti za chini za akina Mama Tabu. Halafu ikafika zamu ya Sakina. Zikabaki dufu. Nikafikiri ameshika pumzi. Nikangoja. Waitikiaji wakaitikia kitu ambacho sikukisikia. Zamu yake ikarudi, na tena zikabaki dufu, na kati ya dufu na dufu kulikuwa na kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Nilikaa pale na ndoo tupu. Miaka mingi baadaye fundi mmoja alinieleza: betri ya tochi inaamsha mdomo mkubwa tu. Ile ya kati na midogo ilikuwa imeungua siku nyingi, labda kwenye dansi za Bwana Salumu, na sauti nyembamba hupita huko. Alinieleza bila kujua kwamba ananichoma kisu.

Nilipanda kurudi. Sakina alikuwa amemaliza beti, jasho linamtiririka, akanitazama. Hakuuliza kwa mdomo. Uso wote ulikuwa unauliza. Ningeweza kusema haifiki. Komanda alikuwa ameruhusu siku moja tu, bafle nilizichagua mimi, na yeye alikuwa hajatabasamu miezi tisa. Nikasema, "Unavuka, Sakina! Nimekusikia kama uko pembeni yangu." Lo, alivyonikumbatia! Aliniachia uji wa machozi na poda begani.

Lakini nilijua haikufika, na moyo haukukaa. Nikafikiri, sauti nzito zinavuka. Yangu ni nzito. Wakinisikia mimi, watajua Kasuku haikuungua, watajua tupo. Nikamwambia, "Pumzika, sauti itakukatika. Nipe beti mbili." Mama Tabu aligeuka akanitazama kwa jicho kali. "Mwajuma, unashikia nini hiyo kintu? Kiongozi iko hapa hai!" Sakina mwenyewe, kwa furaha, akamwambia, "Muache, mama, leo ni leo," akaniwekea maikrofoni mkononi. Nikaimba. Niliimba kwa nguvu zangu zote, nikaongoza beti mbili, kisha nne, mpaka adhuhuri mtambo ukazimwa. Sijawahi kuimba vizuri namna ile.

Baada ya hapo Sakina alikuwa mtu mwingine. Alikula, alilala, alichekesha watu kisimani. Yuma mvuvi alikuja mlangoni wiki ile, akaja tena wiki iliyofuata, kuuliza kama bado tuna ujumbe. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kizingitini. Sakina alimjibu, "Hapana, kaka yangu, usiweke roho yako mkononi kwa ajili yangu. Mutoto amenisikia." Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Mara zote mbili.

Kivuko kilifunguliwa miezi mitano baadaye, na tulivuka kwa mtumbwi wa kwanza kabisa. Nyumba ya Bibi Amisa ilikuwa wazi, mlango umechukuliwa, majirani nao wametawanyika kwa mapigano ya upande ule. Mtu mmoja tu wa kivukoni alituambia amewaona bibi na mtoto wakishika njia ya Kalima na kapu. Lini? Hakukumbuka. Tulikwenda Kalima kwa miguu. Bibi Amisa alikuwa amefia njiani, na mtoto, walisema, amechukuliwa na mama mmoja mfanyabiashara aliyemwonea huruma, wakaelekea upande wa Bukavu. Bukavu ni kubwa, na jina la yule mama hakuna aliyelijua. Sakina alikwenda mara mbili. Redioni alitangaza. Mwishowe alirudi kwenye kasida, akaongoza miaka zaidi ya ishirini, na kila alipopanda sauti ile ya juu mimi nilitazama chini. Sikumwambia kamwe. Aliniuguza nilipougua, nami nilimwogesha alipokufa, na sikumwambia. Nilijifariji kwa jambo moja: kwamba lazima walikuwa wameshaondoka Alunguli kabla ya Maulidi, na kwa hiyo uongo wangu haukumpunguzia mtu kitu. Hili nililishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Hata hivyo siwezi kukaa karibu na bafle kwenye harusi yoyote. Zinapolia nasikia tu kile kisichotoka, na natoka nje na kusingizia joto.

Jioni ile, wageni walipopungua, Feza alinifuata chumbani, tukakaa kitandani. Ni yeye aliyeanza, bila kuulizwa. "Nilikuwa mudogo, lakini siku ile naikumbuka yote. Tulikuwa nyuma ya nyumba. Bibi alisikia dufu, akanivuta, akasema nyamaza, hata usipumue, sasa mama yako ataingia. Hakuingia. Zikapigwa dufu tupu. Bibi akasema amechelewa kidogo, ngoja. Tukangoja. Halafu ikaingia sauti moja nzito. Bibi akasema, huyu ni Mwajuma. Mwajuma njo anaongoza." Alinyoosha shuka kwa kiganja. "Akajifunika kanga kichwa na uso. Miye nikamwuliza, bibi, mama iko wapi? Hakunijibu mpaka jua likashuka."

Nilimwambia yote. Betri ya tochi, cherehani, ndoo, beti nne, Yuma mlangoni. Sikujitetea, maana niliona nikianza kujitetea nitapata maneno mazuri, nami nimeshasema maneno mazuri ya kutosha. Nililia kwa sauti, mzee mzima, kamasi zinatoka. Yeye alikuwa ananisikiliza na mikono yake mapajani. Mwishowe aliuliza, "Alifurahi? Siku ile, ulipomwambia nimemusikia?"

"Alifurahi sana, mwanangu. Alifurahi miezi mitano."

Akatikisa kichwa polepole. Nami, kwa ubinafsi wangu, nikamwuliza swali nililokuwa nalo miaka yote. Nilitaka aniambie siku mbili, siku tatu, neno lolote la kuniokoa. "Baada ya Maulidi mliondoka lini?"

"Siku arobaini," Feza akasema. "Watu walimwambia bibi tuondoke, risasi zinakaribia. Alikataa. Alisema hatoki kabla ya arobaini ya mama. Kila asubuhi alikuwa anatandika mkeka mlangoni, anakaa, anatazama njia ya mtoni. Alisema lazima muntu mumoja atavuka, atuambie wamemuzika wapi."